Ile Inayokaa Wiki

Nililipa laki mbili na themanini, duka la pale Sabasaba,
na kijana muuzaji akaniapia: hii, kaka, ni kuteleza tu.
Mama akateleza.
Kioo hakikumsikia.

Akateleza tena, taratibu, kama anayepangusa unga,
kisha kwa nguvu, kama anayekwangua sufuria.
Kidole kile kimepura uwele miaka hamsini,
kimesiriba kuta za tembe mbili,
na mistari yake yote imeshalala.
Kioo kinataka ngozi yenye unyevu.
Mwezi wa tisa, Mundemu, unyevu utoke wapi?

"Kinachagua watu," alisema.
Tukajaribu kidole cha mwisho. Tukajaribu kifundo.
Akagundua mwenyewe: ncha ya pua.
Tulicheka mpaka Yudita akatoka jikoni na mwiko mkononi.
Lakini nani atapiga simu kwa pua mbele ya wakwe?

Jumapili moja nilimwona.
Sekunde arobaini, na bando la siku limeliwa nusu:
paji la uso, kipande cha bati, paji la uso,
kisha akaganda, mdomo wazi,
katikati ya neno.
Picha ile ninayo. Sijui alitaka kusema nini.
Nilipomuuliza akajibu: hata mimi.

Kuchaji ni shilingi mia tatu kwa Chilongani,
mwenye sola juu ya paa la mashine ya kusaga.
Nguzo za umeme zinapita juu ya mtama wetu
zina haraka ya kufika kwingine.
Asubuhi imejaa; jua likitua imebaki asilimia tisa,
na hajapiga wala hajapigiwa.
Kwa hiyo mama akaizima.
Akaifunga kwenye kanga, akaitia sandukuni,
aiwashe siku nitakayopiga.
Mama, utajuaje kwamba nimepiga?
Akafikiri kidogo.
"Si utamtuma mtu."

Mwezi wa pili ikarudi Dodoma kwa basi la alfajiri,
ndani ya kopo, chini ya karanga,
na kikaratasi chenye mwandiko wa Yudita:
Mama anashukuru, ni nzuri sana.
Anaomba ile inayokaa wiki.

Sikuikataa. Yangu ilikuwa imepasuka kioo.
Na sisemi kwamba ya zamani ndiyo bora; nisingeweza.
Mshahara unaingia humu, kodi inatokea humu,
na mji huu unaochonga barabara kabla ya kuzipa majina
nautembea kwa kuutazama humu.
Kila usiku naifunga ukutani kwa waya, kama mbuzi,
maana ikilala na njaa
kesho sina hela, sina saa, sina njia.

Kitochi nilikipata kwa elfu ishirini na tano.
Vitufe vyake havina dharau,
vinapokea hata kidole chenye ugali.
Uso wake sijauona tangu Pasaka.

Juzi alinipigia saa nane usiku.
Mbuzi anazaa, akasema, na kakwama.
Halafu akanieleza shida yake, upesi upesi:
simu ikiwa sikioni, tochi inamulika mapaa;
ikimmulika mbuzi, haina sikio.
Nikasema, mama, chagua.
Alikuwa ameshachagua.

Nikabaki kitandani na simu yangu nzuri shavuni,
waya wake umenivuta shingo kuelekea ukutani,
nasikiliza kwa mbali majani makavu, pumzi,
na sauti yake ikimbembeleza mwingine kwa Kigogo,
sauti niliyodhani ni yangu peke yangu.

Salio lake likakata
kabla sijasikia mlio.