Shimo Lisilo na Vumbi

Mjukuu wangu Matouš aliniletea disketi mbili
zilizofungwa kwa mpira, na kompyuta ya kijivu
iliyotupwa na ofisi ya posta.
"Babu, huu ni mchezo wa kushuka chini ya ardhi."
Nikacheka hadi nikakohoa.
Miaka thelathini na mmoja nimeshuka chini ya Ostrava
na hakuna aliyewahi kuniambia ni mchezo.

Kioo cheusi, maandishi ya kijani.
Mimi ndiye @, kama sikio lililodondoka sakafuni.
Ukuta ni ##### na sakafu ni vitone.
k ni krysa, ndivyo tumwitavyo panya huku.
D kubwa ni drak, joka,
naye sijamwona hata leo,
maana hufa mapema.

Kinachonivuta? Nitasema bila haya.
Humo hakisogei kitu mpaka nisogee mimi.
Nikienda jikoni kukoroga chai,
panya hunisubiri mguu juu.
Nikisinzia, zimwi nalo husinzia.
Tangu mgodi ufungwe, kila kitu kimesogea bila kuniuliza:
bei ya mkate, njia ya tramu namba nane,
na Drahomíra wangu, aliyekata roho Februari
nilipotoka mara moja kununua betri za redio.

Tena kila nikifa, shimo huchimbwa upya.
Vyumba vingine, vichochoro vingine,
chupa ya buluu iliyoniponya jana
leo inanipofusha.
Huwezi kukariri. Unashuka na akili yako tu,
na mkate mmoja.

Ila mchimbaji hadanganyiki kirahisi.
Njaa ya humo ni ya uongo:
hatua mia mbili, tayari "Unazimia kwa njaa",
na Radovan alikuwa akimaliza zamu nzima
kwa soseji moja na kitunguu.
Mfuko una nafasi kumi,
pete inakula nafasi sawa na deraya ya chuma.
Kuanzia ghorofa ya saba mtunzi kaishiwa,
panya ni wale wale, kawapaka wekundu.
Na juzi, hatua ya nne tu tangu nianze,
mshale ukatoka gizani. Basi.
Sikukosea kitu, sikujifunza kitu.

Halafu ule ukimya!
Mgodi una mdomo.
Nguzo ya mbao hulia kabla haijakatika,
ndiyo maana tuliipenda kuliko chuma;
chuma hunyamaza, kisha hukuua.
Humo hakilii kitu. Hakuna vumbi,
hakuna maji yanayokudondokea shingoni,
na @ hushuka peke yake,
jambo ambalo msimamizi yeyote angelikataa.
Sisi tulisalimiana kwenye lifti, "Mungu akujalie,"
hata wale tusiosali,
na jibu lilitoka gizani, kwa sauti unayoijua.

Mwanzoni mchezo huuliza jina.
Sijui kwa nini sikuandika langu.
Niliandika RADOVAN.
Yule wa kweli yuko chini ya Shimo la Tatu tangu mwaka themanini na moja;
tulimfikia siku ya tano, tukarudi na kofia yake.
Wa kijani nimemuua mara kumi na saba.
Orodha inayo: Radovan, ghorofa ya tano, kauawa na panya.
Radovan, ghorofa ya pili, kanywa sumu.
Angecheka, yule. Kauawa na panya!
Angeisimulia baani mwezi mzima.

Usiku huu nimemfikisha ghorofa ya sita,
mbali kuliko wote waliomtangulia.
Uhai umebaki alama mbili.
Kuna k mlangoni, na nyuma ni #####.
Kidole kilikuwa juu ya kibodi.
Nikakiondoa.

Feni inavuma, kioo kinawaka.
Umeme atalipa Matouš.
Hakisogei kitu mpaka nisogee mimi,
nami ninakwenda kulala.