Tanzia na Kodiani

Asubuhi Obdulia Cifuentes aliandika tanzia
za gazeti la Avilés, maneno arobaini, si zaidi;
usiku, vidole vile vile vyenye wino
vilichezesha harusi kwa kodiani ya kukopa.

Mhariri alimkatia mstari mmoja:
kwamba Nicanor alifia tanurini,
mlango umefungwa kwa nje.
"Andika: ghafla."
Akaandika ghafla.

Jumamosi, binti wa Nicanor akaolewa.
Katikati ya muziki Obdulia akaizuia mivukuto,
pumzi moja, urefu wa mstari ule.
Miguu ikasimama hewani. Hakuna aliyeuliza.

Amestaafu sasa. Kodiani iko juu ya kabati,
na vijana wapigao harusini
husita pale pale,
wasijue wanamsubiri nani.