Uzamivu

Shahada hii kwa Kiswahili inaitwa ya uzamivu.
Nilicheka peke yangu: Moshi haina bahari.
Nizamie wapi, kwenye mfereji wa kihamba cha baba,
unaonifika kifundo cha mguu?

Mwaka wa nne sasa. Usiku, maabara ina baridi ya mwezi wa saba,
nabana kishikizo kwenye kidole cha shahada
(hiyo shahada hakuna kamati itakayoninyima),
navuta pumzi, naifunga.
Tisini na nane.
Tisini na nane.
Tisini na saba.
Kifua kinagonga kama mgeni aliyechoka kubisha.
Tisini na tatu.
Naachia, naandika, naanza tena.
Kumbe huku ndiko kuzamia.

Tatizo lenyewe nikilieleza nyumbani linakuwa dogo:
mashine hupitisha mwanga mwekundu kidoleni, ikahesabu hewa iliyomo damuni,
na hizi tulizoletewa zilijifunzia kusoma kwenye vidole vyeupe.
Kwa mtoto mweusi tii wa wodi ya pili
zinasema tisini na sita, lala salama,
ilhali damu yake, ikipimwa yenyewe, ni themanini na nane.
Zinadanganya kwa upole.
Nane ni kitu gani?
Nane ni mwana wa Ndeshukurwa,
aliyeachwa bila mtungi wa oksijeni hadi alfajiri.
Hilo silisemi nyumbani.

"Utamaliza lini?" huuliza mama, akimenya mshare,
kama anayeuliza maharage yamefikia wapi.
Kaka yangu Elirehema amejenga, anauza vipuri vya pikipiki Majengo.
Mimi nina sura mbili za tasnifu.
Namwambia vifaa vyangu vimekwama forodhani,
kamati ya maadili ilinikalia miezi saba,
na Profesa Lyatuu ameirudisha sura ya tatu
na maneno mawili pembeni, kwa penseli: Una hakika?
Sina. Ndiyo maana nipo.

Jumapili moja mchungaji akanitangaza: "Binti yetu, daktari."
Baada ya ibada wakapanga foleni ukutani mwa kanisa,
na presha, na goti, na mjukuu asiyekula.
Nikasema mimi si daktari wa hivyo, mimi ni wa vyombo.
"Basi sema fundi," akasema Bibi Manka,
na neno hilo likanikaa kuliko joho lolote.

Jumanne wakaja kliniki kunikopesha vidole,
kumi na saba, na kanga za kutokea.
Fomu niliisoma kwa Kiswahili cha serikali,
wakanitazama kama redio, nikaanza upya kwa Kichaga.
Wasioandika wakachovya dole gumba kwenye wino,
nami, msomi, nikabana kishikizo dole gumba lilelile.
Sitini na mbili!
Bibi Manka akaitazama skrini kwa huruma.
"Mwongo huyo. Saa hizi nimepandisha ndoo kutoka mtoni."
Tulicheka mpaka nesi akatufokea.
Wino. Miaka minne, na sikuwahi kuuwaza wino.

Baba hakuja. Baba haendi hospitali kwa afya.
Jioni umeme ulipokatika aliweka mkono mezani, bila kuombwa:
vidole vya miaka hamsini ya kahawa,
ngozi ambayo mwanga huingia umechoka.
Nikabana. Gizani kidole chake kikawaka kama kaa,
na mara ya kwanza nikamwona baba kwa ndani.

"Inasema nini?"
"Tisini na nne. Huenda inadanganya."
"Kwa kiasi gani?"
"Ndicho ninachokisomea."

Akaguna. Hiyo sikuiandika daftarini.
Umeme ulirudi, mama akatenga chakula,
na baba kidole chake alikuwa bado hajakitoa.