Kidole kwa Msimu

Sikumwona akiiba. Niseme ukweli hata kama haunisaidii.
Nilimwona akilima tu, Kegode,
mgongo umepinda, jembe linapanda, jembe linashuka,
na kila mvua zikirudi
mtaro wake umesogea kwangu kidole kimoja.
Kidole ni kitu gani?
Miaka kumi na sita, misimu miwili kwa mwaka:
vidole thelathini na viwili.
Hiyo ni mikono ya watu watatu
na viwili vya kudonolea chumvi.

Hapa Maragoli shamba langu unaweza kulivuka
kwa pumzi moja.
Hatua arobaini na moja toka mlangoni hadi kwenye mikonge,
kisha njia,
kisha bustani ya kijitoni
ambako mrenda, saga na kunde zangu
hulala miguu majini.
Njia ndiyo iliyoleta kesi.
Ilipita nyuma ya choo chake, kando ya zizi.
Mama mkwe alinipitisha pale wiki niliyoolewa,
akanionyesha jiwe la kukanyaga
na jiwe linalodanganya.

Mwezi wa nne Kegode akapiga seng'enge, nyuzi tano.
Alisema kuku wake wanaibwa.
Nikamuuliza, mimi nimewahi kula kuku wako?
Akajibu, sijasema wewe, nimesema njia.
Kana kwamba njia ina meno.

Basi nikazunguka.
Kwa kina Ajema, kanisani kwa Marafiki, chini hadi darajani,
nusu saa na beseni kichwani
kwenda kuchuma mboga ninazoziona
nikiwa jikoni, nakoroga ugali.

Liguru alikuja. Akanywa chai kwangu, akanywa chai kwake,
akasema tusameheane.
Chifu akatuandikia barua ya kwenda Mbale.
Mbale wakauliza, hati iko kwa jina la nani?
Iko kwa jina la babu yake marehemu mume wangu,
mzee Lugalia, aliyezikwa na koti lake la vita.
Kumbe ni yeye peke yake anayeruhusiwa kushtaki.

Mwishowe tukachanga, adui kwa adui,
elfu sita mimi, elfu sita yeye,
tukamleta mpima ardhi.
Kijana wa viatu safi, na chombo chake cha miguu mitatu.
Akatafuta bikoni. Akachimba. Akapata chupa ya soda.
Akachimba tena, akapata chuma kilichooza
chini ya ule mlusiola wa mpakani,
mti uliopandwa mwembamba kama fimbo
na sasa hukumbatiki.
Akasema: mpaka ni katikati ya mti,
na mti umenenepa pande zote mbili.
Halafu akapima sehemu ya chini.
Akasema, hapa huyu bwana amekula futi moja na nusu.
Nilitaka kupiga vigelegele.
Akapanda juu, upande wa barabara, akakunja uso.
Mkonge huu, akasema, nani aliupanda?

Sasa hili sikulisema kwa liguru, wala Mbale.
Mwaka ule wa njaa, mume wangu bado mbichi kaburini,
nilitoka usiku na panga,
nikang'oa mkonge mmoja na kuupanda
hatua mbili kwake.
Asubuhi nilifagia nyayo zangu.

Kegode akautazama mkonge. Akanitazama.
Nilingoja. Mbwa wa Ajema alibweka, akachoka.
Yeye akamwambia mpima:
huo ulijiotea.

Hatujazungumza tangu siku hiyo, hata salamu ni ya kichwa.
Mtaro haujarudi. Mkonge haujarudi.
Ila siku ya pili nilikuta uzi wa tatu wa seng'enge
umevutwa juu na kufungwa kwa kamba ya mgomba,
nafasi ya mtu mmoja kuinama.
Ninainama. Kila siku nguo hunasa palepale, begani,
nami husimama nikijinasua,
na kuku wake hunitazama
kama mashahidi ambao hawajaitwa.