Kilo Ishirini na Saba

Oduk ameileta ndani ya mfuko wa sokoni,
mkono mmoja, ule mwingine umeshika muhindi wa kuchoma.
Ameiweka mezani kando ya birika. Ndogo,
haizidi mikate miwili ikilaliana.
"Ina sauti arobaini," anasema. "Hata ya yako imo,
namba kumi na saba."

Yangu iko pembeni, chini ya kitambaa alichofuma Nyagilo.
Kilo ishirini na saba: niliipima kwa mizani ya muuza omena pale Kibuye
siku nilipotaka kujua nani hasa ananivunja mgongo.
Ngozi yake imebanduka pembe tatu,
ya nne nimeiziba kwa kipande cha akala.
Ndani, vali nne, vichupa vya kioo
vinavyokawia kuamka kama wazee wa kwaya:
kwanza harufu ya vumbi linaloungua,
kisha wekundu mdogo,
kisha, ukishakata tamaa, sauti.

Mjomba Ogweno aliinunua kwa pesa za miwa ya Muhoroni,
akauza na fahali juu yake. Shangazi akanuna masika mawili.
Nilirithi amplifaya, na kule kununa pia.

Tuhesabu basi.
Vali moja ikifa, fundi Wafubwa huagiza Nairobi, wiki tatu,
na bei huitaja akitazama pembeni.
Mkokoteni hadi stendi, mia mbili. Kijana wa kuinua, hamsini.
Mwaka jana mvua ilitukuta kwenye matanga kule Ahero,
nikaifunika kwa koti langu la suti
kabla sijamwangalia mama mkwe.
Hii ya Oduk ina betri. Umeme ukienda, yenyewe haina habari.
Naye ataniongeza elfu kumi na tano.
Karo ya Atis imebaki elfu kumi na nne.

"Jaribu."
Nachomeka waya. Namba kumi na saba.
Na kweli, nisidanganye, ni yenyewe:
ukali uleule kwenye uzi wa kwanza,
mkwaruzo uleule, kama mtu anayecheka na muwa mdomoni.
Walioiga wameiga.
Hata kwenye matanga yangu wakiipiga sitatambua tofauti.

Nikatulia, vidole juu ya nyuzi.
Nayo ikatulia.
Kimya kabisa. Kimya cha benki.

Yangu hainyamazi. Inavuma
kama nyuki walio ndani ya ukuta,
na kwa mvumo ule bendi nzima hukaza nyuzi zake,
miaka kumi na tisa sasa, bila kuulizana.
Siku ya jenereta mbovu kule Sondu,
injini ilipochoka mvumo ukashuka,
tukashuka nao sote, magitaa matatu na waimbaji,
na waombolezaji wakadhani ni huzuni.

Nitakujibu usiku, nilimwambia Oduk.
Saa tatu nikaiwasha yangu. Harufu. Wekundu.
Nikapiga noti moja, ya chini, nikaiacha iende.
Ndipo umeme wa Nyalenda ukakatika.
Jirani akalaani, redio zikafa mtaa mzima,
noti ikaendelea.
Pumzi moja. Ya pili.
Ilikuwa inakula akiba yake mwenyewe humo ndani,
kama mtu aliyeletewa habari mbaya
akamalizia kwanza sentensi yake.
Kisha vichupa vikaanza kupoa, tik, tik.

Gizani nikaandika kwenye simu: Usije kesho.
Nikaisoma. Nikafuta kesho.

Nikakumbuka karo. Nikakaa hapo, simu inaning'ariza kidevu.
Halafu nikampigia Ombogo wa mkokoteni
nikamuuliza kama ile mia mbili inapungua.