Kifutio cha Swabra

Taa yawaka. Feni yavuma. Kioo kiza tupu.
Nimebonyeza, nimengoja, nimebonyeza tena
hadi kidole kikaona haya.

Mwembe Kuku, ghorofa ya pili, Swabra ameifungua
tarakilishi yangu kama mtu apaaye samaki:
skrubu sita ndani ya kifuniko cha chupa,
ya saba kaibana mdomoni.
"Waishi karibu na maji?"
Likoni, namwambia. Nyumba ya tatu kutoka feri.
"Basi ni chumvi. Chumvi haibishi hodi."

Achomoa kipande, urefu wa kidole,
yeye akiita kumbukumbu,
asugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio,
kifutio kile kile cha watoto wa shule!
Nashtuka: dada, humo mna hesabu za mama,
nani adaiwa mahamri, nani kalipa.

"Hizo zi kwengine," asema, skrubu ingali mdomoni.
"Hiki kikilala husahau yote."

Akirudisha. Tak.
Kioo chapepesa, chaamka, chatusomea tarehe:
mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Mama angali akikanda unga.

"Niirekebishe saa?" auliza Swabra.
Ngoja kidogo, namwambia.