Jibu kwa Anayeomba Kengele

Hiren, mjukuu wa Vrajlal,
ujumbe wako umefika kwenye simu ya mwalimu Zihalirwa;
yangu iko kwa mwenye kuchaji tangu Jumanne,
nadaiwa franka mia tano.
Unauliza kama hekalu bado limesimama.
Limesimama.
Pembe moja imeinama kidogo kuelekea ziwani
kama mtu anayesikiliza jambo asilolipenda.
Kivu imekula ngazi mbili.
Nasi usiku twachota mchanga pale pale,
twawauzia wajenzi wa Bukavu,
kwa hiyo sitalisingizia ziwa peke yake.

Picha nimeiona. Babu yako kavaa nyeupe,
kando yake kijana ameshika ndoo ya chokaa.
Huyo ni baba yangu, Ntakwinja.
Nyuma ya picha hamkuandika jina lake.
Mwaka maduka yalipopewa wenyeji
(na wenyeji wakayala mpaka rafu)
Vrajlal alimwachia ufunguo na maneno matatu,
la tatu likiwa jina lake:
Taa isizimike, Ntakwinja.
Samli iliisha wiki ya pili.
Akaendelea kwa mafuta ya mawese, miaka,
na moshi wake ndio ule weusi wa darini.
Watu wa mradi wa urithi waliupima kwa futi,
wakaandika: uharibifu.

Mwenye kichwa cha tembo yupo.
Mkonga ulivunjika mwaka waliokimbia Goma
walipolala miguuni pake miezi saba,
godoro kwa godoro, sufuria juu ya madhabahu.
Mtoto mmoja, Asifiwe, aliufunga kwa plasta ya zahanati.
Sikuibandua.
Na ule mrehani wa bibi yako umeruka ukuta,
umevuka njia, umefika kwa katekista.
Jumapili anauita mti wa mizimu,
Jumatatu anauchuma kwa kikohozi chake.

Sasa kengele.

Bomba letu ni moja, na maji hutoka siku yanapotaka.
Wa kwanza kuyasikia yakikohoa ndani ya chuma
hukimbia hekaluni, anapiga mara moja.
Mara tatu ni kipindupindu: leteni sukari na chumvi.
Bila hesabu, ni mtumbwi.
Mwezi wa nne tulipiga bila hesabu.
Walikuwa wasichana watano, wametoka kuuza sambaza.
Tulipata wanne.
Mama wa yule wa tano hatoki tena kengele ikilia, hata ya maji;
tunamwekea bidoni mlangoni
na jioni tunaikuta tupu, imesuuzwa.

Unasema pembeni ina maandishi.
Ni kweli. Hatuyasomi, tunayashika tu,
vidole vimeanza kuyalainisha.
Baba alituambia ni jina la bibi yako,
ndiyo maana huku hakuna asemaye kengele imelia.
Tunasema: Hansa anaita.
Watoto wanadhani Hansa ni neno la kwetu,
maana yake maji.

Dola mia mbili ni pesa, sikatai.
Chifu ameshazitumia kichwani: mabati kumi na nane,
na kinachobaki, anasema, ni cha barabara.
Mwalimu, miezi minane bila mshahara,
amenisomea ujumbe wako mara mbili bila kunitazama.
Nami nina ufunguo wa mlango
ambao kitasa chake kiliuzwa zamani kama chuma chakavu,
na aliyekiuza ni kaka yangu.

Njoo mwenyewe.
Panda boti ya asubuhi, shuka na viatu mkononi.
Utalala kwangu, kunguni wapo, nakuambia mapema.
Ukimsikia Hansa anaita, hata ikiwa saa tisa za usiku,
chukua bidoni, panga mstari kama wengine,
na zamu yako ikifika
waulize wanawake walio nyuma yako
kama unaweza kuondoka naye.
Mimi nitakuwa nyuma yako.

Simu inakufa, mwalimu ameinyosha mikono.
Kama mzigo haujajaa, lete samli.
Kopo dogo.

Nsimire, binti Ntakwinja